Bakuli la Njiwa



Mama mmoja wa kikundi cha hapa Kasongo aliniuliza baada ya mkutano: vile vyombo vya kioo vya zamani, vya mama zetu na nyanya zetu, tuvifanye nini? Tuvitumie, tuvifungie kabatini, au tuviuze? Nilimwambia nitamjibu katika ukurasa huu. Jibu langu si fupi, maana nyumbani kwetu bakuli moja la kioo lilitufanya ndugu watatu wa tumbo moja tukose kusemeshana karibu miezi miwili.

Bakuli lenyewe si kubwa. Linachukua maembe sita, ukilazimisha saba. Ukingo wake umekunjwakunjwa kama pindo la gauni, na ndani yake kuna mashada ya zabibu yaliyoinuka juu ya kioo. Sisi watoto hatukujua zabibu, tukasema ni ngazi za mchikichi. Rangi yake ni ya chungwa bivu, lakini ukiligeuza kwenye mwanga linatoa kijani, zambarau na buluu, kama shingo ya njiwa, au kama mazuti yaliyomwagika juu ya maji ya barabarani baada ya mvua. Kwa hiyo tuliliita bakuli la njiwa.

Mama alilipewa siku ya ndoa yake na shangazi yake, aliyelinunua Kigoma. Lilivuka ziwa hadi Kalemie, kisha likapanda lori mpaka Kabambare likiwa juu ya magoti ya shangazi njia nzima, maana hakumwamini mtu. Vita vilipofika mwaka 1998, Mama alichimba shimo nyuma ya jiko usiku. Alilifunga bakuli katika vitenge viwili, akalitia ndani ya sufuria kubwa, akafunika kifuniko na kufukia. Tukaenda porini. Tuliporudi, mabati hayakuwapo, milango haikuwapo, hata miiko haikuwapo. Mama alichukua jembe, akaenda nyuma ya jiko bila kusema neno. Bakuli lilikuwapo. Lilikuwa limepoteza jino moja tu ukingoni. Siku ile ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Lilitoka wapi

Binti wa mama yetu mdogo anaishi Marekani, katika jimbo la Ohio. Tulipomtumia picha kwa simu alicheka sana. Akasema bakuli la namna ile ameliona kwa macho yake kwenye meza ya vitu vya mitumba, katikati ya taa mbovu na vijiko. Kule wana jina lake: carnival. Wapo watu wanaokusanya vyombo hivyo, wana vyama vyao na mikutano yao, na wanabishana juu ya rangi kama sisi tunavyobishana juu ya vitenge.

Historia yake ni hii. Mwishoni mwa karne ya 19, huko New York, fundi Louis Comfort Tiffany alitengeneza kioo chenye mng'ao wa rangi nyingi, kazi ya mkono, kwa ajili ya matajiri. Mwaka 1907 kiwanda cha Fenton, cha mji wa Williamstown katika jimbo la West Virginia, kilianza kutengeneza mng'ao kama ule kwa njia ya kalibu, kwa bei ambayo mke wa mfanyakazi aliiweza. Mwaka uliofuata kiwanda cha Northwood, katika mji wa Wheeling, kikaingia. Kiwanda cha Imperial, cha Bellaire huko Ohio, kikafuata. Kwa muda wa miaka michache nyumba nyingi za watu wa kawaida zikawa na bakuli linalong'aa mezani.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kioo cha moto, laini kama asali nzito, kilitiwa katika kalibu ya chuma na kushindiliwa, kikatoka na mapambo yake. Kabla hakijapoa, fundi alikinyunyizia maji yenye chumvi za madini. Joto liliishikiza chumvi hiyo juu ya kioo kama ngozi nyembamba sana. Mwanga unapopiga, sehemu inarudi kutoka juu ya ngozi hiyo na sehemu kutoka chini yake, na hapo rangi zinaachana. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye povu la sabuni ukifua mtoni. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baadaye mtindo ukapita. Katika miaka ya 1920 watu walichoka na mng'ao, na vyombo vilivyobaki vikauzwa kwa bei ndogo au vikatolewa zawadi kwa washindi wa michezo kwenye maonesho. Ndiyo sababu wakusanyaji waliokuja nyuma waliviita kwa jina la sikukuu hizo. Yaani chombo ambacho nyanya alipewa bure, mjukuu alikuja kukitafuta kwa pesa. Viwanda vya nchi nyingine pia vilitengeneza vya namna hiyo, pamoja na India, katika mji wa Firozabad. Kwa hiyo usimwambie jirani kwamba bakuli lako ni la Marekani kwa sababu tu linang'aa. Tazama chini yake. Vyombo vya Northwood mara nyingi vina herufi N ndani ya duara. Fenton haikuweka jina lake kwenye vyombo vyake vya kwanza vya mng'ao. Ilianza kuliweka mwaka 1970. La kwetu halina alama yoyote.

Kasongo ilijua kioo zamani

Tusidhani lakini kwamba kioo kilifika kwetu na shangazi. Kioo kilifika kwanza kwa mlango wa shanga. Misafara iliyotoka pwani ilibeba shanga zilizotengenezwa Venice, kule Italia, na kila soko lilikuwa na shanga yake. Wengine walitaka samesame, nyekundu kama marijani. Kule Ujiji watu walinunua samaki na chumvi kwa sofi, shanga ndefu kama vipande vya kiko kilichovunjika. Msafara uliokuja na rangi isiyopendwa ulilala na njaa. Mzungu Livingstone, aliyekaa Bambarre, yaani Kabambare yetu, kutoka mwaka 1869 hadi mwanzo wa 1871 akiuguza vidonda vya miguu, alikula kwa shanga kama wasafiri wengine wote. Maana yake ni kwamba wanawake wa sehemu hizi walijua kuchagua kioo, rangi na ukubwa wake, kabla bibi wa Ohio hajanunua bakuli lake.

Kule pwani, Lamu na Unguja, wenye nyumba za mawe walijenga vidaka ukutani, vishimo vya mraba vilivyopambwa kwa chokaa, na ndani yake walipanga sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Desturi ya kupanga vyombo ili mgeni avione ilipanda na watu hadi huku. Tippu Tip alipofanya Kasongo kuwa makao yake, kuanzia mwaka 1875 hivi, mji ule wa zamani, pale tunapopaita Tongoni, ulikuwa na bustani za michungwa na nyumba ndefu. Askari wa Dhanis walipouteka Aprili 1893, mganga wao, Sidney Hinde, aliandika kwamba walikuta vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, na vilauri na chupa za kioo kwa wingi. Kwa wingi, hapa Kasongo, katikati ya bara, mamia ya kilometa kutoka baharini.

Hapa nawaomba wamama tusimame kidogo. Vilauri vile havikuja vyenyewe. Vilikuja juu ya vichwa vya watu, na vililipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Tarehe 15 Julai 1871, pale sokoni Nyangwe, watu wa misafara walifyatua bunduki, wakaua mamia, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza mihogo, samaki na kuku. Askari waliouteka mji mwaka 1893 nao hawakuja kutuletea zawadi. Wengine wetu ni wajukuu wa wale waliokunywa katika vilauri vile. Wengine ni wajukuu wa waliovibeba. Wengi wetu, tukisema ukweli, ni wajukuu wa pande zote mbili. Kwa hiyo mtoto akiuliza kitu kizuri kimetoka wapi, tumwambie habari yote, uzuri wake na machozi yake.

Siku ya mnunuzi

Sasa nirudi nyumbani. Mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Yaya yetu anaishi Kabambare, mimi niko hapa Kasongo, mdogo wetu yuko Kindu. Baada ya matanga bakuli lilibaki kwangu, bila mtu kuamua lolote. Lilibaki tu kwa sababu nilikuwa karibu.

Siku moja akapita mtu anayenunua vitu vya kale: vinyago, viti, sanduku za zamani. Aliliona bakuli dirishani, akatoa dola ishirini. Nikakataa. Akapandisha hadi thelathini na tano, akaacha namba ya simu. Jioni nikamsimulia mdogo wangu kwa simu kama kichekesho. Yeye hakucheka. Mwanawe alikuwa mwaka wa sita, na siku ya mwisho ya kulipia mtihani wa serikali ilikuwa karibu. Akaniambia, "Uza, dada. Bakuli halipiki, halilishi mtu."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba Mama aliliokoa na bunduki, yeye anataka kulitoa kwa karatasi. Nilimwambia anauza kaburi. Akakata simu. Tukanyamaziana. Yaya alipojaribu kutupatanisha kwa simu nikamkatalia naye.

Nilifikiri niko upande wa haki, kwa sababu maneno yangu yalikuwa mazuri. Kumbukumbu ya Mama! Nani atapinga? Lakini usiku mmoja nilikuwa nikihesabu zamu za likelemba yetu katika daftari, nikaona jina langu ndilo linalofuata. Nilikuwa nimepanga kununua kitambaa cha mapazia. Mwanangu mimi alikwisha kumaliza shule. Ni vyepesi sana kumwambia mwenzako asiuze, kama si mwanao anayerudishwa nyumbani. Nilikuwa ninalinda kumbukumbu ya Mama kwa gharama ya mjukuu wa Mama.

Nikatuma pesa za zamu yangu Kindu. Sikuandika ujumbe, kwa aibu. Mdogo wangu naye hakujibu kwa siku tatu. Siku ya nne akapiga, akauliza kama mvua imeanza kwetu. Tuliongea juu ya mvua kwa muda mrefu.

Tulipokutana kwa arubaini ya jamaa yetu, Yaya aliamua jambo kama mkubwa. Alisema: "Bakuli halina mwenyewe mmoja. Litakaa mwaka kwako, mwaka kwangu, mwaka Kindu. Atakayelipokea ndiye atakayetuita kula siku ya kumkumbuka Mama. Na siku mmoja wetu akipata shida ya kweli, tutakaa watatu, tutaamua watatu." Kwa hiyo sijasema kwamba halitauzwa kamwe. Nimesema tu kwamba halitauzwa na mtu mmoja, wala kwa hasira. Mtoto alifanya mtihani wake. Mwaka huu bakuli liko Kabambare, na dirisha langu ni tupu. Nimelizoea.

Kuvitunza na kuvipanga

Basi, mama uliyeniuliza, haya ndiyo ninayoweza kukuambia kwa mkono wangu.

*Kuosha.* Sufuria zetu tunazisugua kwa jivu na mchanga, na zinang'aa vizuri. Kioo chenye mng'ao usikitendee hivyo hata mara moja. Rangi ile ni ngozi ya juu tu; ukiikwangua haitarudi. Tandika kitambaa chini ya beseni ili chombo kisigonge, tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa kitenge cha zamani kilicho laini. Usimimine maji ya moto katika kioo baridi, kitapasuka mikononi mwako. Jiko la Krismasi au la Idi lina haraka nyingi, na hapo ndipo vyombo vingi hufa.

*Kuweka chakula.* Usilaze humo ndimu iliyokatwa, siki wala mchuzi wa nyanya. Uchachu unakula mng'ao, na vioo vingine vya zamani vina madini yasiyofaa kukaa na chakula. Matunda yenye maganda yake ni salama: maembe, machungwa, ndizi. Chombo kilichopasuka au kilichotoka jino usikitilie chakula cha kuliwa, maana kijipande kinaweza kuingia mdomoni. Kitie mayai, nyuzi za kufumia, au funguo. Ule upande wenye jino uelekeze ukutani. Mgeni hana haja ya kuujua.

*Kupanga.* Kioo kinataka mwanga. Katika kona ya giza bakuli letu ni la kahawia tu, kama chungu. Liweke mahali ambapo jua la asubuhi linapita, lakini mbali na njia ya watoto na ya mpira wao. Usijaze. Vyombo vitatu vyenye nafasi vinaonekana kuliko kumi na viwili vilivyosongamana. Chini yake tandika kitambaa cheupe cha kufuma au mkeka mdogo, rangi zitatokea vizuri. Kama kabati ni la mbao, tazama miguu yake kila mwezi, maana mchwa hawaheshimu historia.

*Kidaka.* Unayejenga, mwambie fundi wako aache kidaka kimoja ukutani mwa sebule. Ukuta uwe wa upana wa matofali mawili, na juu ya kidaka kuwe na ubao imara wa kubeba matofali, ili ukuta usilegee. Kipake chokaa ndani. Huna haja ya kununua kabati kwa kusudi hilo, na mtoto hawezi kukiangusha kidaka.

*Kama huna kioo cha zamani.* Usijisikie maskini. Chupa za kijani na za kahawia zilizooshwa vizuri, tano kwa urefu tofauti mbele ya dirisha, zinapendeza. Kopo la kioo lenye maua ya porini linapendeza. Huyo bibi wa Ohio naye alianza na kitu cha bei ndogo.

Daftari

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la shule, la mtoto aliyemaliza mwaka. Kila chombo cha zamani ulicho nacho, kiandikie ukurasa: ni cha nani, kilitoka wapi, kililetwa na nani, kwa njia gani, kilipona vipi. Kama mama yako yuko hai, muulize leo. Mimi sikumuuliza Mama shangazi yake alilipia nini kule Kigoma, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Daftari lina faida nyingine. Chombo kinaweza kuvunjika. Kinaweza kuibiwa, na wengi wetu tunajua vilivyotoka nyumbani mwetu miaka ile. Kinaweza pia kuuzwa kwa haki, kwa sababu mtoto ni mgonjwa au shule inadai. Na mama anayeuza kwa sababu hiyo asichekwe. Akiuza, na aulize watu wawili au watatu kabla ya kukubali bei ya kwanza, apige picha, na awaambie ndugu zake kabla, si baada. Lakini ule ukurasa wa daftari mnunuzi hauchukui. Unabaki nyumbani.

Nawaomba vikundi vya Kasongo na vya Kabambare tufanye jambo moja. Katika mkutano wa mwisho wa mwezi, kila mama aje na chombo kimoja cha zamani, hata kilauri kilichopasuka, hata shanga moja ya nyanya yake, na asimulie habari yake kwa dakika tano. Waleteni mabinti wasikilize. Yaya ameahidi kulileta bakuli la njiwa kwenye mkutano wa Kabambare. Atalibeba kwenye pikipiki, akalishikilia juu ya magoti njia nzima, maana yeye pia hamwamini mtu.

Tuonane juma lijalo.